Pilau, Biriani au Wali wa Nazi: Kuchagua Mlo wa Kuwapokea Ndugu Wanaporudi Tanga

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, na kila Idi inapokaribia, nyumba za Tanga hujaa tena. Watoto waliokwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Arusha na Mombasa hurudi na wake zao, waume zao na wajukuu ambao baadhi yao hawajawahi kulala nyumbani kwa bibi, na yule aliyebaki kuitunza nyumba, ambaye mara nyingi ni mama mzazi, shangazi au dada mkubwa, huhangaika siku mbili tatu kwa swali moja: mlo wa kwanza watakaokula wote pamoja uwe chakula gani? Katika mitaa ya Ngamiani, Makorora na Chumbageni majibu hubaki yaleyale matatu, yaani pilau, biriani, au wali wa nazi kwa samaki, na kila moja lina watetezi wake wasiokubali kushindwa.

Wapo watakaouliza kwa nini nimeiacha bada, yaani ugali wa unga wa muhogo. Bada kwa mchuzi wa ng'onda, yaani samaki mkavu, ndicho chakula ambacho mtu wa Tanga aliye mbali hukitamani sana, lakini huliwa ikitoka jikoni, haiwezi kungoja watu thelathini wakusanyike, na wake au waume waliotoka bara huhitaji muda kuizoea. Iwekeeni siku ya pili au ya tatu, wageni wakishapumzika. Hapa nazungumzia ule mlo wa kwanza tu, unaopikwa nyumbani kwa watu kati ya kumi na arobaini.

Vigezo vya kupimia

Kabla ya kutetea chakula chochote, tukubaliane tunapima nini. Kigezo cha kwanza ni gharama, nayo haiishii kwenye bei ya nyama au samaki, kwa kuwa mafuta, viungo, nazi na hata mkaa huingia humo. Cha pili ni kazi na muda, yaani mikono mingapi inahitajika, kwa saa ngapi, na kwa ujuzi wa kiasi gani.

Cha tatu ni uvumilivu wa chakula chenyewe kati ya kuiva na kuliwa, na hiki nakiweka mbele ya vingine kwa sababu ndicho kinachosahauliwa na ndicho kinachoharibu karamu nyingi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni takriban kilomita 350, na basi linalopita Chalinze na Segera linaweza kuchelewa kwa saa mbili au tatu bila mtu yeyote kushangaa. Anayetoka Mombasa naye hupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, ambako foleni ya siku za sikukuu haina mwenye kuijua mwisho wake. Mpishi anayepanga chakula cha saa saba mchana bila kuifikiria barabara amepanga nusu tu ya kazi yake.

Kigezo cha nne ni walaji: wazee wenye presha au kisukari, watoto wasiopenda pilipili, na wageni wasiozoea vyakula vya pwani. Cha tano ni maana ya chakula hicho kwa anayerudi, kwa sababu mlo wa kwanza husema neno kabla mwenyeji hajafungua kinywa. Nitavipitia vyakula vyote vitatu kwa vigezo hivihivi na kwa mpangilio uleule.

Pilau

Gharama. Pilau ni chakula cha bei ya kati, na sifa yake kubwa ni kwamba huweza kunyooshwa. Ukipenda wageni wale kwa raha, kilo moja ya mchele huchukua kilo moja ya nyama, lakini mfuko ukibana unaweza kushuka hadi nusu kilo, ukaongeza viazi mbatata, na hakuna atakayenyanyuka na njaa. Kwa kipimo cha nyumbani kwetu, kilo ya mchele ikiandamana na kachumbari na ndizi mbivu hutosheleza watu wazima sita au saba. Viungo havigharimu sana hapa Tanga kwa sababu iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga hulimwa karibu, kwenye milima ya Amani wilayani Muheza, na ukinunua nzima na kutwanga mwenyewe unapata harufu ambayo unga wa pakiti hautoi.

Kazi na muda. Mpishi mmoja mwenye msaidizi wa kumenya anaweza kuipika pilau ya watu ishirini kwa saa tatu. Nyama huchemshwa kwanza kwa tangawizi na chumvi mpaka ilainike, na supu yake huhifadhiwa, kwa maana ndiyo itakayouivisha mchele. Kisha inakuja hatua ya vitunguu, na hapa ndipo pilau inapopatikana au kupotea. Vitunguu hukaangwa polepole, mwiko ukipita chini ya sufuria bila kupumzika, vikitoka kwenye weupe, vikaingia rangi ya asali, vikafika kahawia iliyoiva, na dakika hiyohiyo, si baada yake, hutiwa kijiko cha supu ili visiendelee kuungua. Ukiwahi kuviondoa, pilau itatoka imepauka na ladha yake itakuwa ya maji. Ukichelewa hata kidogo, uchungu utaingia mpaka kwenye punje ya mwisho. Ndipo hufuata kitunguu saumu, binzari nyembamba na viungo vingine, kisha nyama, viazi, supu na mchele uliooshwa. Wapo wanaotia nyanya. Mimi siwafuati, kwa sababu nyanya huongeza uchachu na huufanya mchele ushikane, lakini najua nyumba zinazoheshimika ambazo haziwezi kupika bila hiyo.

Maji yakikauka, sufuria hufunikwa na makaa hupaliwa juu ya mfuniko, moto wa chini ukabaki kidogo. Nyumba nyingi sasa zimehamia kwenye gesi, na zitaongezeka, maana Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Anayetumia gesi asikate tamaa na pilau. Aweke kikaango kizito cha chuma chini ya sufuria, apunguze moto hadi mwisho, afunike kwa kitambaa safi chini ya mfuniko na kuzikunja ncha zake juu mbali na moto, na aiache kwa dakika ishirini na tano bila kuifunua. Ukoko utakuwa mwembamba kuliko wa mkaa, na watoto watalalamika, lakini punje zitaachana vizuri.

Uvumilivu. Katika hili pilau haina mshindani. Sufuria kubwa iliyofunikwa vizuri, ikiwa na makaa machache chini na juu, hukaa saa mbili hadi tatu ikiwa ya moto, na wengine husema kwamba ladha huzidi kukolea. Muhimu ni hilo neno moto. Wali wa aina yoyote ukipoa na kukaa nje kwa saa nyingi huota vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na kuupasha upya hakuondoi sumu ambayo vimekwisha kuiacha. Kwa hiyo pilau ingoje ikiwa juu ya makaa, na kinachobaki kiingie jokofuni mapema.

Walaji. Watoto huila bila kubembelezwa, ili mradi pilipili iwekwe pembeni na mtu awaondolee karafuu na vipande vya mdalasini. Wageni kutoka bara huifahamu. Kwa wazee, hakikisha nyama imechemka mpaka inaachia, na mwenye presha atengewe supu isiyo na chumvi nyingi mapema, kwa kuwa chumvi ikishaingia kwenye mchele haitoki. Mwenye kisukari apakuliwe wali kidogo na kachumbari nyingi.

Maana. Pilau ndiyo lugha ya shughuli zetu zote: Idi, maulidi, harusi na hitima. Ukiinusa kutoka mtaa wa pili unajua kuna watu wamekusanyika. Kwa sababu hiyohiyo, anayeishi Dar es Salaam huila karibu kila mwisho wa juma, na itamwambia kwamba amekaribishwa, lakini haitamwambia kwamba amefika Tanga.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenyeji ambaye hana hakika na idadi ya wageni wala saa yao ya kufika, na nyumba yenye mpishi mmoja tu anayeaminika.

Biriani

Gharama. Hapa mfuko lazima uwe tayari. Kilo ya mchele hutaka kilo moja na nusu ya nyama ya mbuzi au kuku, vitunguu vinavyokaribia kilo nzima kwa sababu vikikaangwa hadi vikauke hubaki sahani moja tu, mtindi, nyanya, samli, giligilani, nanaa, ndimu, na zafarani kwa anayeimudu. Mchele nao ni habari nyingine. Mchele wetu wa Kyela una harufu nzuri sana, na kwa pilau au wali wa nazi siubadilishi kwa kitu, lakini kwenye biriani punje ndefu za basmati hustahimili kuchemshwa na kuchujwa bila kuvunjika. Kupunguza gharama ya biriani ni vigumu, maana ukipunguza nyama au vitunguu, rojo huwa mchuzi wa kawaida uliomwagiwa wali.

Kazi na muda. Kazi yake ni nyingi, lakini inagawanyika, na jambo hili humsaidia mwenyeji aliyejipanga. Siku moja kabla, nyama hulazwa kwenye mtindi, tangawizi, kitunguu saumu na kipande cha papai bichi lililosagwa, ambalo lina kimeng'enya cha kulainisha nyama; asizidishe, kwa kuwa papai likizidi nyama hulegea na kuwa kama uji. Jioni hiyohiyo vitunguu hukaangwa na kuanikwa kwenye karatasi vikauke. Rojo linaweza kupikwa usiku, likapoa na kuhifadhiwa jokofuni. Asubuhi ya siku yenyewe hubaki wali, ambao huchemshwa kwenye maji mengi yenye chumvi na kuchujwa ungali na kiini, kisha hunyunyiziwa samli na zafarani na kuwekwa kwenye moto mdogo umalizikie. Kila hatua inataka mtu anayejua anachokifanya. Mchele ukipitiliza dakika tatu kwenye maji ya moto hauna dawa, na nimeona dada mwenye mikono mizuri kabisa akitokwa na machozi mbele ya chujio kwa sababu aliitwa nje kusalimia wageni wakati usiofaa.

Uvumilivu. Jibu lina sehemu mbili. Rojo ni vumilivu, na kama lilivyo kwa michuzi mingi ya nyama, siku ya pili huwa tamu zaidi. Wali hauna uvumilivu huo, kwa kuwa ukikaa sana huwa mkavu juu na mzito chini. Mwenye simu awaombe wageni wampigie wakifika Muheza, kwani kutoka hapo wamebakiza kama kilomita 35, na muda huo unatosha kuutia mchele kwenye maji.

Walaji. Watu wazima wengi huishangilia. Watoto wadogo huona rojo linawasha, kwa hiyo sehemu yao ipikwe bila pilipili mbuzi. Samli na mafuta ya vitunguu huifanya iwe nzito, na mzee mwenye moyo dhaifu au tumbo jepesi huila kwa heshima ya mwenyeji na kulala vibaya usiku. Huyo apewe kidogo, au apikiwe kitu chake bila kuulizwaulizwa mbele ya watu.

Maana. Biriani hubeba heshima. Mkwe anayekuja kwa mara ya kwanza akiwekewa biriani huelewa kwamba nyumba imemhesabu. Haina haja ya kuelezwa, maana kila mtu mezani anajua siku ngapi zimetumika. Hatari yake ni kwamba mwenyeji hushinda jikoni na kuwaona wageni wake wakati wa kunawa mikono tu.

Inamfaa nani. Inafaa mlo wa watu kumi hadi kumi na watano wanaojulikana idadi, saa na majina, kwa nyumba yenye jokofu na angalau wapishi wawili wanaoelewana. Kwa watu zaidi ya hao, mwenye uwezo aajiri mpishi wa shughuli mwenye sufuria zake, abaki na kazi ya kupokea watu.

Wali wa nazi kwa samaki

Gharama. Chakula hiki bei yake huamuliwa na bahari. Mchele ni uleule, na nazi hazikosekani, kwa kuwa Pangani, Muheza na Mkinga kote kuna minazi. Nazi mbili kubwa au tatu ndogo hutosha kwa kilo moja ya mchele, na mbili nyingine kwa mchuzi. Samaki ndiye asiyetabirika. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na kolekole, changu na nguru hupatikana kwa bei ya kusikilizana, lakini kati ya Juni na Agosti kusi ikivuma kwa nguvu vyombo vidogo hukaa pwani, na samaki mmoja mkubwa anaweza kukugharimu kuliko nyama ya pilau nzima. Kwa hiyo ukitaka kujua kama chakula hiki ni cha bei nafuu, uliza kwanza mwezi gani. Nenda soko la Deep Sea asubuhi mapema, mwangalie samaki macho kama yanang'aa na mashavu kama ni mekundu, na umbonyeze kwa kidole uone kama nyama inarudi.

Kazi na muda. Kazi kubwa iko kwenye nazi. Yapo matui ya kopo na ya pakiti, na siku ya haraka hakuna aibu kuyatumia, lakini yeyote aliyekulia katika nyumba ya pwani atatambua tofauti kwenye tonge la kwanza. Bibi yetu alikuwa akikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, miguu ameinyoosha upande, kanga ameifunga vizuri, na kipande cha nazi kikizunguka kwenye meno ya chuma kwa mwendo mmoja usiobadilika. Alikuwa akikigeuza kila baada ya mikwaruzo michache, na alisimama kabla hajafika kwenye ngozi ya kahawia iliyoshikana na kifuu, kwa sababu ngozi hiyo ikiingia tui hupoteza weupe wake na wali hutoka na rangi ya vumbi. Machicha yaliingia kwenye kifumbu cha kukamulia na maji ya uvuguvugu, akakamua tui la kwanza, lile zito, akaliweka kando. Akatia maji tena akakamua la pili. Wali hupikwa kwa tui jepesi lenye chumvi, mwiko ukikoroga mpaka lichemke ili lisikatike, na lile zito humiminwa juu mchele unapokaribia kukauka. Hapo hufunikwa na kupaliwa makaa kama pilau.

Samaki anaweza kushughulikiwa pembeni. Akiwa wa kupaka, huchomwa kwanza kwenye makaa kwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, kisha hupakwa tui zito lililopikwa kwa viungo na ukwaju mpaka liwe zito la kushika. Mchicha wa nazi au kisamvu hukamilisha sinia. Kwa watu ishirini, ukiwa na watu watatu jikoni, mmoja kwenye mbuzi, mmoja kwa samaki na mmoja kwenye sufuria, kazi yote huchukua saa tatu. Ukiwa peke yako itakuchukua asubuhi nzima, na mabega yatakuambia jioni.

Uvumilivu. Hapa lazima nieleze kwa unagaubaga. Desemba moja nilipanga wali wa nazi na kolekole kwa ndugu kumi na wanane waliotoka Dar es Salaam, nikaivisha saa saba mchana kama tulivyoagana kwenye simu. Basi lao liliharibika kabla ya Segera, nao walifika nyumbani saa mbili usiku. Tuliamini kwamba kwa kuwa sufuria imefunikwa hakuna neno. Joto la Tanga mwezi huo halina huruma, na tulipofunua, uchachu ulitupokea kabla ya mvuke. Sufuria ya kilo tatu ilimwagwa, tukawakaangia watoto mayai, na shangazi aliyekuwa amekuna nazi sita kwa mkono wake alikwenda kulala bila kusema kitu. Tangu siku hiyo sipiki wali wa nazi mpaka mgeni awe ameshuka kwenye gari. Chakula hiki kiliwe ndani ya saa moja au mbili tangu kuiva, na mabaki yasiachwe nje hadi usiku.

Njia ya kujikinga ipo. Nazi zikunwe na samaki achomwe mapema, lakini tui likamuliwe na sufuria itelekwe wageni wakiwa uani wananawa miguu na kunywa chai. Katika dakika hamsini wali utakuwa umeiva, na harufu ya tui linalokauka itawafikia walipokaa.

Walaji. Ladha yake ni ya upole, hivyo watoto na wazee huipokea vizuri. Mwenye presha anaweza kula samaki wa kuchoma asiyepakwa sana chumvi. Nazi ina mafuta mengi, na daktari akishamzuia mtu mafuta hayo, asilazimishwe kwa hoja kwamba babu zetu walikula na hawakudhurika. Apikiwe wali mweupe na mchuzi wa ndimu. Walaji watakaopata shida ni wageni wa bara wasiozoea miiba, hasa watoto, kwa hiyo nguru, ambaye miiba yake ni mikubwa na michache, ni salama zaidi kwao kuliko changu.

Maana. Chakula hiki ndicho kinachosema Tanga. Anayerudi baada ya miaka mitatu hali wali tu, anakula ile sauti ya mbuzi aliyoisikia akiwa mtoto akirudi kutoka madrasa. Wapo ndugu watakaokiona cha kawaida mno kwa siku ya kupokelewa, hasa wale wakubwa wanaoamini kwamba mgeni huwekewa nyama, na hoja yao ina uzito katika familia nyingi. Muulize mkubwa wa nyumba kabla hujaamua, usimshtukize mbele ya wageni.

Kinamfaa nani. Kinawafaa wageni wachache au wa kadiri ambao ni wenyeji wa pwani, waliokwisha kufika, katika msimu ambao bahari imetulia.

Mwongozo kwa hali mbalimbali

Ikiwa wageni wako wako njiani na hujui watafika saa ngapi, au umeambiwa watakuja ishirini na unahisi watakuwa thelathini, teleka pilau. Ongeza viazi, tenga supu ya wazee, na uache makaa yafanye kazi ya kungoja.

Ikiwa unapokea wakwe, au ndugu aliyeoa au kuolewa mbali anakuja na wazazi wa upande wa pili, biriani inastahili gharama yake, ili mradi uanze siku moja kabla na uwe na mtu mwingine wa kusimamia wali. Mfuko usiporuhusu, pilau ya mbuzi iliyopikwa kwa uangalifu, ikapakuliwa vizuri na kachumbari mbichi, haimvunjii mtu heshima. Biriani iliyobanwa viungo ndiyo inayomvunjia.

Ikiwa ndugu wamefika tangu jana, ni Januari, na kuna vijana wawili wenye nguvu za kukuna, pika wali wa nazi, na mtoto au mjukuu aliyezaliwa mjini akae kwenye mbuzi japo kwa nusu nazi moja. Kati ya Juni na Agosti fanya hivyo tu kama umempata samaki kwanza. Usinunue nazi kabla hujarudi kutoka sokoni.

Ikiwa nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari au presha, usiichague biriani kwa siku ambayo naye anatarajiwa kukaa sinia moja na wenzake, kwa sababu atakula au atajisikia ametengwa, na yote mawili ni mabaya. Wali wa nazi kwa samaki na mboga nyingi, au pilau iliyopunguzwa mafuta na chumvi, humruhusu ale pamoja na watu kwa kiasi chake.

Ikiwa mpishi ni wewe peke yako na hujawahi kupikia zaidi ya watu wanane, pika pilau, na usibadilishe kipimo unachokijua kwa kilo moja. Kizidishe tu, isipokuwa supu, ambayo kwa sufuria kubwa hupunguzwa kidogo kwa kuwa maji hukauka polepole zaidi.

Na kama wageni watakaa juma zima, hakuna haja ya kugombana juu ya siku ya kwanza. Nyumbani kwetu tumekuwa tukipika pilau jioni wanapofika wamechoka, wali wa nazi mchana unaofuata baada ya mtu kwenda Deep Sea na watoto kumchagua samaki, na biriani siku ya Ijumaa, rojo likiwa limepikwa Alhamisi usiku huku wakubwa wamekaa uani wanazungumza. Bada huangukia Jumamosi, na tangu Alhamisi huwa kuna mtu anauliza kama unga wa muhogo umekwisha kununuliwa.